Sikio la Juu ya Friji

Siku hizo hakuna aliyepewa uongozi kabla sikio la serikali halijamsikiliza nyumbani kwake mwaka mzima. Kilikuwa kidude kama kifungo cha koti, kimebandikwa juu ya friji, na taa yake ya kijani haikuzimika. Waliotunga sheria walisema anayemfokea mkewe atawafokea na wananchi.

Shomari alikuwa mume mwema, ila hasira zake zilikuwa za karibu. Mlango wa chumbani ulishabadilishwa bawaba mara mbili. Mwaka aliobandikiwa sikio, hasira zikahama nyumba. Akajifunza kumsikiliza mkewe Mwantumu mpaka amalize, kuomba radhi, hata kuosha vyombo huku akiimba taarabu kwa sauti ya kukwaruza. Mwantumu alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Akampenda upya, akanenepa.

Shomari akateuliwa mkuu wa maji wa wilaya. Asubuhi aliyoripoti kazini, fundi akaja kung'oa sikio.

"Hongera, mama. Mmefaulu."

Mwantumu akamshika mkono. "Mwanangu, mashine yako chukua. Hiyo taa niachie, iendelee kuwaka."

Fundi akamtazama, akaguna, akatoa mashine ya ndani, akaacha ganda na taa yake ikiwaka.

Jioni Shomari alirudi amechoka, akakuta wali umeungua. Uso ukakunjamana. Akatupa jicho juu ya friji, kisha akacheka.

"Usijali, mke wangu. Ukoko ndio mtamu."

Walipokwisha kula akakunja mikono ya shati, akafungulia bomba, akaanza kuimba. Mwantumu akafungua mdomo amwambie, akaufumba, akampa kitambaa cha kufutia sahani.