Makunyanzi ya Malkia

Badi na rafiki zake walikuwa na mchezo wa mezani wa kuigiza safari za kale. Kwa ajili ya mchezo huo Badi alitengeneza kwenye kompyuta picha ya malkia, ionekane kuukuu kwelikweli. Mkewe Tunu alipochungulia, akaona malkia kapewa uso wa Salha, mmoja wa wachezaji wenzake Badi. Roho ikamuuma. Badi alipokwenda kuoga, Tunu akashika kipanya, akamjaza malkia makunyanzi na mvi, kisha akaichapisha picha.

Jioni, mezani kwenye mchezo, Salha aliipokea, akaduwaa.

"Tunu, nani kamtengeneza huyu?"

"Mimi," Tunu akajibu kwa ukavu.

"Ni marehemu mama yangu mtupu! Kwetu hatukubaki na picha yake hata moja."

Akaangua kilio. Badi akachomoa kitambaa ambacho Tunu alikipiga pasi asubuhi ile, akamfuta Salha machozi, taratibu.