Chokaa Mbichi

Bi Zuhra, mjane aliyeishi peke yake, alimwita Fundi Shebwana amjengee baraza la mawe uani, apate mahali pa kupunga upepo. Fundi akamalizia kupaka chokaa, akailainisha ikang'aa, kisha akaenda kunawa mikono. Aliporudi alikuta chokaa imebonyea, kana kwamba mtu ameketi na kuegemea ukuta. Mlango wa ua ulikuwa umefungwa kwa komeo.

Akachukua mwiko apasawazishe.

"Paache, mwanangu," alisema Bi Zuhra. "Mume wangu amepapenda."

"Lakini tulimzika, Bi!"

"Ndiyo, tulimzika."

Akaketi kando ya bonyeo lile, akalaza kiganja juu ya chokaa. Karibu na kiganja chake, Fundi akaona alama za vidole vingine zikijichora taratibu.