Mguu wa Pili wa Sululu

Asubuhi ya kipupwe, Bi Mwanaidi aliegemea seng'enge, darubini ya marehemu mumewe machoni. Upande wa pili, kwenye ufuo uliokuwa wa mji mzima kabla tajiri mmoja hajaufungia ndani, ndege saba aina ya sululu walisimama kwa mguu mmoja mmoja, wakijikunyata kwa baridi.

"Shangazi, nimeambiwa nifukuze watu," alisema Kitwana, mlinzi.

"Nifukuze basi. Babako alivua kaa hapahapa bila kumwomba mtu ruhusa."

Kitwana aliinamisha uso. "Kwani unatafuta nini?"

"Mmoja ana pete nyekundu mguuni. Mume wangu ndiye aliyemvisha, mwaka aliofariki. Nadhani ni yule wa mwisho, lakini mguu mmoja hauna kitu na wa pili ameuficha tumboni."

"Nirushe jiwe aushushe?"

"Thubutu! Akiruka, nitampata wapi tena?"

Honi ya gari ililia langoni. Tajiri alikuwa amefika.

"Nenda ukamfungulie," alisema Bi Mwanaidi, bila kuondoa darubini machoni.

Honi ililia tena, ndefu. Kitwana hakuondoka. Alishika seng'enge, akakaza macho kule ufuoni. Upepo ukavuma, yule sululu wa mwisho akayumba, manyoya ya tumbo yakafunuka, na mguu ukaanza kukunjuka polepole.