Mkono Uliofumbwa

Pini ya bomu la mkono ilikuwa imeshadondoka kwenye majani makavu Ovila alipoisikia sauti chini ya sakafu ya zizi.

"Nani huyo anatutimulia vumbi? Kuku wangu ataacha kutaga!"

Ovila akaganda. Tangu waliposhuka ufukweni Normandia asubuhi ile, kila shimo lilikuwa na Mjerumani na bunduki yake. Lakini huyu alikuwa bibi kizee, na Kifaransa chake kilikuwa kile kile cha bibi yake Ovila kule Kanada, chenye maneno ya zamani ambayo maofisa walimcheka nayo kambini.

"Bibi," alisema, "mimi ni Mkanada."

"Mwongo mkubwa! Mkanada gani anaongea kama mtu wa hapa kwetu?" Kisha akacheka huku analia. "Tokeni, watoto! Ni wetu hawa!"

Mfuniko wa ghala la viazi ukainuka. Bibi alitokeza kichwa, macho kayafumba kwa ukali wa mwanga. Nyuma yake ngazi nzima ilikuwa watoto.

Ovila alilibana lile bomu katika mkono wa kulia mpaka kucha zikawa nyeupe. Bila pini, vidole vyake tu ndivyo vilivyolizuia lisilipuke. Alitaka kupiga kelele, sauti ikagoma.

Bibi akapapasa hewani, akamshika mkono wa kulia.

"Nivute, mjukuu wangu, magoti yangu yamekwisha. Mbona umekunja ngumi hivi?" Akaanza kumbandua kidole kimoja kimoja, taratibu, kama anayemchezea mtoto. "Fungua mkono, baba. Fungua."