Cheti cha Chiriku

Siku ya tatu cheti kilikuwa bado hakijaandikwa, na mke wa karani akagoma kumpikia.

"Njaa itakufundisha kuandika," alimwambia, akaendelea kupiga pasi mavazi ya misa kwa nguvu, kana kwamba mgongo wa mumewe ndio uliolazwa pale mezani.

Karani wa parokia alikaa kwenye kiti chake, barua mbele yake, kalamu imefunikwa. Ofisi yake na chumba cha mavazi vilitenganishwa na pazia tu, kwa hiyo hata angetaka kuyakimbia maneno ya mkewe hakuwa na pa kwenda.

Barua ilitoka ng'ambo, kwa sista mmoja. Ilisema binti yao ametolewa katika nyumba alimofungiwa miaka mingi, akifanya kazi bila kuruhusiwa kufika hata getini. Sasa anaishi na masista. Amepata mchumba, fundi umeme, mtu mwema. Ndoa ingempa haki ya kubaki. Bila ndoa angerudishwa mwisho wa mwezi, na waliomuuza walikwisha kuulizia atashukia wapi. Kilichokosekana ni cheti kipya cha ubatizo kutoka parokia alikobatizwa.

Nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu hakujua kufunga mdomo. Aliondoka mwaka ule mto ulipokufa, wachimba mchanga walipoukwangua mpaka mwamba na mashamba yakageuka vumbi. Nusu ya wasichana wa jumuiya walimfuata mama mmoja mwenye maneno matamu, aliyewaahidi kazi ng'ambo. Mama huyo alianza kwa karani, akitaka wa miaka kumi na tano waandikwe ishirini na mbili. Karani akamwonyesha mlango. "Kitabu hiki hakidanganyi," alimwambia. Mama akaenda zake akapata vyeti kwingine, maana dunia haikosi makarani.

Miaka tisa mke wa karani hakusikia neno la binti yake. Mwaka mmoja baada ya safari ile alilazwa kwa ugonjwa wa moyo, na daktari akakataza asipewe habari za kushtua. Alipona, ila masikio yakaanza kumtupa.

Sasa baba wa namna gani anapata barua kama ile halafu anasitasita? Watu wa jumuiya walikuwa na jibu tayari. Walisema amemwekea mtoto kinyongo kwa kuondoka bila baraka. Walisema ana moyo wa jiwe. Paroko, kijana aliyehamia mwaka jana tu, alijaribu kwa upole.

"Mzee, hata kitabu hujakifungua?"

"Nitakifungua, Padre."

"Nikutafutie ukurasa?"

"Hapana." Karani alisema upesi mno, kisha akajirudi. "Samahani. Ni kazi yangu."

Mlangoni, Kamati ya Haki na Amani ilikuwa imebandika onyo kwamba matajiri wa kule huwanyang'anya wasichana paspoti na kuwapachika wasichana wengine, waishi kwa majina yasiyo yao. Watu walilipita kila siku. Karani peke yake ndiye aliyelikodolea macho siku tatu mfululizo.

Mchana huo akampigia sista. Kwa mkewe simu ilikuwa mvumo wa nyuki, hivyo alisimama penye pazia akimtazama midomo. Karani aliongea kidogo sana. Alisikiliza, akafunika macho kwa kiganja, akasikiliza tena.

"Umeongea naye?"

"Nimeongea naye."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Ameniita baba."

Mama Chiriku aliketi sakafuni pale pale. Alilia bila kujificha, furaha ikimuuma kifuani kama ugonjwa wake wa zamani.

"Amesema nini tena?"

"Haongei sana. Amelia. Ameniomba msamaha."

"Chiriku wangu, haongei." Akatikisa kichwa. "Wamemkausha. Na wewe ukamjibuje?"

"Nimemwambia nitafikiri."

Mama Chiriku akainuka kwa kulishika pazia, nusura alichane.

"Utafikiri? Baba Chiriku, mtoto anazama, wewe unafikiri? Miaka yote hii nikipiga pasi hapa namwombea apate mtu wa kumfungulia mlango. Leo ufunguo unao wewe, halafu unaukalia. Angekuwa mtoto wa watu ungemwacha arudishwe kule?"

Karani alimgeukia. Alimpenda mwanamke huyu na alimwogopa.

"Angekuwa mtoto wa watu," aliuliza taratibu, "wewe ungeandika?"

"Kabla hujamaliza kuniuliza."

"Basi nenda kapike. Naandika."

Alimsikia akitoka anaimba, sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri, mpaka akavuka uwanja. Akafunga mlango. Alikitoa kitabu cha ubatizo kabatini, na hakuhitaji kutafuta, vidole vilikwenda moja kwa moja. Akanakili namba, jina, tarehe ya kuzaliwa, jina lake mwenyewe na la mkewe, msimamizi, padre aliyebatiza. Herufi zilitoka za duara kama siku zote. Kipaimara: ndiyo. Ndoa: hakuna. Akafika mstari wa mwisho wa fomu, palipoandikwa "Kumbukumbu nyingine".

Kitabuni, pembeni mwa jina, ilikuwapo kumbukumbu moja, kwa mwandiko wake mwenyewe, wino umepauka kwa miaka minane: *Amefariki ugenini, amezikwa huko huko.*

Kwenye fomu akaandika "Hakuna", akagonga muhuri.