Chura Aliyemmeza Mgeni wa Nta

Mimi niliyewahi kumsaidia mwizi kubeba begi langu mwenyewe kule Bujumbura, eti kwa sababu alivaa tai, sina haki ya kumcheka Chura.

Chura alilinda mlango wa kichuguu pamoja na Mchwa. Chura alimeza kila adui. Mchwa, ambaye ni kipofu, alimpapasa kila ajaye. Siku moja akaja mdudu aliyejipaka nta mwili mzima.

"Hodi, ndugu zangu!"

Mchwa akampapasa mgongo. "Nta hii naijua. Ni ya wala mayai."

Chura akammeza palepale. "Kwisha habari yake!"

"Mbona sisikii kitu kikisagika?"

"Wivu tu huo, dada. Hebu nipishe, nikajipumzishe kwenye ubaridi wa chumba cha mayai."

Mchwa hakusogea. Alimpapasa tumbo, akatega sikio. Humo ndani mgeni alikuwa anakoroma, mzima ndani ya nta yake, akingoja kufikishwa kwenye mayai.

"Dada, ni mimi! Mwaka wa sita huu tunalinda pamoja!"

"Kaa hapohapo, kaka," Mchwa alisema, huku akiwaita mafundi waje na udongo. "Tunawajengea ukuta, wewe na mgeni wako."