Aliyetangulia Kuamka

Kahawa ilikuwa tayari, na motoni hapakuwa na mtu.

Muuguzi alisimama mlangoni mwa hema lake, blanketi mabegani, akilitazama birika jeusi lililowekwa kando ya makaa na kufunikwa kwa kisahani. Baba yake alikuwa kule chini kijitoni, ameinama ananawa uso.

"Kumbe anaweza," alijisemea.

Akajimiminia, akanywa funda moja, akajikuta ameketi chini. Ilikuwa kahawa ya mama. Nzito bila kuwa chungu, haina hata chembe ya machicha, na kwa mbali, nyuma ya ulimi, ladha ya chumvi.

Mama alikuwa na namna yake. Maji yakichemka aliyaepua kwanza, akayaacha yatulie, ndipo akatia kahawa na kufunika. Mwishoni aliinyunyizia maji baridi ili machicha yazame. Na chumvi, kiasi cha kubanwa na kucha. "Kahawa ya kutokoswa ni ya kuoshea vidonda," alizoea kusema. Miaka yote baba alipokuwa mpima ardhi, wakihama na mahema yao kutoka pori hili hadi lile, mama ndiye aliyetangulia kuamka. Baba kazi yake ilikuwa kunyoosha mkono apokee kikombe.

Sasa mama hayupo. Aliugua, akamwomba mumewe asimwambie binti yao, na mume akatii. Muuguzi alifika siku ya mazishi.

"Nimewauguza mama za watu," alimwambia baba yake mbele ya waombolezaji, "wangu ukanificha."

Tangu hapo hawakusemezana, mpaka shangazi alipowapakia wote wawili garini pamoja na mahema yao, akaja kuwashusha hapa ukingoni mwa msitu, walipozoea kupiga kambi wakiwa watatu. "Mtanipigia simu mkishakuwa watu," alisema, akageuza gari.

Baba alipanda kutoka kijitoni, goti lake bovu likilia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Akajimiminia, akanywa, akafumba macho.

"Nzuri," alisema.

Mtu na kujisifu! Muuguzi aliwaza.

"Baridi hii," baba akaongeza, "kuamka mapema hivyo si mchezo."

"Naona," alijibu.

Ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu msiba.

Kila asubuhi ikawa hivyo. Mahali penyewe palikuwa na ukimya, lakini si ukimya wa mahali patupu. Mchana ukungu uliteremka kati ya miti, na mara mmoja wao angeinua kichwa ghafla kama aliyeitwa, kisha akajifanya anatazama ndege. Kamba ya hema la muuguzi iliyolegea jioni aliikuta asubuhi imekazwa. Soksi zake mbichi alizikuta zimesogezwa karibu na makaa. Baba huyu, aliwaza, ameanza lini mambo haya?

Alfajiri, akiwa nusu usingizini, alisikia nyayo zikizunguka moto. Nyayo nyepesi, za mtu asiyetaka kuwaamsha wenzake. Kijiti kilivunjwa. Kisahani kiligonga birika. Siku za mwanzo alisikiliza kwa hasira: umejifunza leo, baada ya kumkosa wa kukupikia?

Lakini hasira haikai nyumba moja na kahawa ya namna ile. Taratibu akaanza kumwona mzee kando ya kitanda cha mgonjwa, mama akimwelekeza kwa sauti iliyokwisha: chumvi kidogo, mume wangu, kidogo tu. Basi hakuficha tu. Alikaa naye. Alijifunza.

Jioni yao ya mwisho, muuguzi ndiye aliyeanza.

"Baba."

"Naam."

"Alinitaja?"

Mzee alichokoa moto ambao haukuhitaji kuchokolewa. "Kila siku. Hakutaka umwone anavyokonda. Alisema ubaki na mama yule unayemjua." Akamtazama. "Nilikosea, mwanangu. Kuomba aliomba yeye, lakini mdomo ulikuwa wangu."

Muuguzi alilivuta blanketi lake, akalifunika lile goti bovu. Wakalia, kila mmoja akisingizia moshi.

Kulipopambazuka alikuwa macho, akisubiri. Leo alitaka kumshika mzee kazini, ampokonye birika, amwambie aende akakae. Anyooshe mkono apewe kikombe, kama zamani. Aliposikia kisahani kikigonga, alifungua zipu ya hema polepole, akatoka peku.

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye majani. Moto ulionekana doa jekundu tu, mbele, na harufu ya kahawa ilikuwa imetanda kambi nzima.

Wakati huohuo zipu ya hema la pili ikafunguka. Baba akatokeza kichwa, nywele zimesimama, kikombe mkononi, akitabasamu kama mtoto aliyemkamata mwenzie mafichoni.

"Ah, nimechelewa! Umeshamaliza?" alinong'ona. "Leo nilitaka nikukute unaipika. Mama yako maisha yake yote alikataa kunionyesha. Wewe alikufundisha lini?"

Muuguzi alifungua mdomo ajibu. Mbele yao, ndani ya ukungu, mtu akaanza kumimina kahawa.